Chanjo ya tetekuwanga: mshahara wa mama umo kwenye hesabu?

SWALI: Naishi Leicester, nafanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwanangu mkubwa alipougua tetekuwanga nilikaa nyumbani siku sita bila malipo. Sasa mdogo wake, mwenye mwaka mmoja, ameitiwa chanjo yake. Kama ina faida, mbona Uingereza imechelewa hivi, na Marekani wanaitoa tangu 1995? – Mama Salma

JIBU: Pole sana, Mama Salma. Hizo siku zako sita ndizo zilizobishaniwa miaka yote hiyo.

Kwa watoto wengi dawa ya tetekuwanga ni kalamini ya kupaka na parasetamoli. Gharama inayouma iko nyumbani: mtoto harudi shule mpaka malengelenge yote yafanye vigaga, kama siku tano, na lazima mtu abaki naye. Hata hivyo ugonjwa huu si wa kudharau. Kabla ya chanjo, Marekani waliugua watu wapatao milioni 4 kwa mwaka, zaidi ya 10,000 wakalazwa, na 100 hadi 150 wakafariki.

Watafiti wa huko walipopiga hesabu, mwaka 1994, waliona kila dola ya chanjo ingeokoa zaidi ya dola 5. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa siku za kazi za wazazi. Ukihesabu matibabu peke yake, chanjo haikujilipa. Kila mgonjwa aliyekingwa aligharimu kama dola 2.

Uingereza, kamati inayoishauri serikali hupima kwa mfuko wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma. Mshahara ulioukosa wewe haumo kwenye daftari hilo, na mimi naona ni kasoro. Tena kulikuwa na hofu ya mkanda wa jeshi, maana kirusi ni kilekile: hujificha kwenye mishipa ya fahamu, kikaamka uzeeni. Iliaminika kuwa mtu mzima akikaa na mtoto mwenye tetekuwanga, kinga yake huamshwa upya. Watoto wote wakichanjwa, wazee wangeugua zaidi, na NHS ndiyo ingelipa. Mwaka 2009 kamati ikakataa.

Kisha Marekani wakachanja miaka na miaka, na wimbi lile la mkanda wa jeshi halikuja. Wazee wa Uingereza nao wana chanjo yao tangu 2013. Kamati ikageuka Novemba 2023, na Januari 2026 utoaji ukaanza: sindano inayokinga surua, matubwitubwi, rubela na tetekuwanga kwa pamoja, kwa hiyo tetekuwanga haina safari yake ya peke yake ya kliniki. Serikali inakadiria NHS itaokoa pauni milioni 15 kwa mwaka. Safari hii imetaja na hasara ya wazazi na waajiri: pauni milioni 24.

Ndugu zako Tanzania au Kenya wakiuliza, huko haimo kwenye ratiba ya taifa. Hununuliwa hospitali binafsi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba nchi isianze kama haiwezi kudumisha asilimia 80 ya watoto. Ukichanja nusunusu, waliobaki hukutana na kirusi ukubwani, na mtu mzima huugua vibaya zaidi, hasa mjamzito. Kwa nchi hizo, shilingi ya kwanza mimi ningeipeleka kwenye chanjo ya surua.

Mpeleke mtoto. Na wenzako wa zamu waliokulia nchi za joto, ambako wengi hukua bila kuugua tetekuwanga, waambie waombe kupimwa kinga kazini.