Muulize Mkandaji: Kidole gumba kinaniuma, niache kazi?

Asalaam alaykum Bi Mkandaji. Mimi binti wa Pemba, nafanya masaji kwenye hoteli moja huku Nungwi, mwaka wa tatu huu. Tangu Julai wageni wamefurika, nakanda watu sita kwa siku, mara nyengine saba. Gumba la mkono wa kulia linaniuma mpaka kwenye kifundo, khasa usiku. Nalipaka mafuta ya karafuu matupu, uchungu unatulia, lakini sasa ngozi imebabuka. Mama ananambia niache nirudi nyumbani. Nami kazi naipenda. Nifanyeje?
Binti wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana gumba hilo nalijua. Mwaka wangu wa saba kazini, siku moja nilishindwa kufungua chupa ya chai. Nimeikumbatia kifuani, nazungusha kifuniko, mkono hautaki. Ikabidi nimwite mtoto wa jirani. Nililia siku ile, na si kwa uchungu, kwa khofu. Mkono ndio shamba langu.

Mafuta ya karafuu yaache leo hii. Sisi Wapemba karafuu tumezaliwa nayo, tunadhani haidhuru. Mna kitu ndani yake, yujinoli, ndicho kinachofanya jino bovu life ganzi. Basi na gumba lako halijapoa, limekufa ganzi tu, na asubuhi unalirudisha kazini na ubovu wake. Hata mgeni usimpake matupu. Kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi, matone 10 yanatosha.

Sasa lifiche gumba ndani ya ngumi, kisha ilaze ngumi taratibu upande wa kidole cha mwisho. Ikiuma sana kwenye kifundo, upande wa gumba, huenda kano zimevimba ndani ya ala yake. Usijikande. Ukishuka mjini nenda hospitali, uombe kuonana na mtu wa fiziotherapia, mtaalamu wa kutibu viungo na misuli. Huenda akakufunga mkono upumzike. Akikwambia mkono usifanye kazi kwa muda, ukubali.

Lakini likipoa ukarudi na mkandiko ule ule, litauma tena. Bibi yangu alikuwa akikanda wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, na sikumbuki kumwona akibonyeza kwa gumba. Akikaa mkekani, mafuta ya nazi yamepashwa moto, anaweka kiganja mgongoni, sehemu ile nene karibu na kifundo, kisha anainama na mwili wake wote. Palipo pagumu alitumia kigasha, baina ya kifundo na kiwiko, na mara moja moja kisukusuku, yaani kiwiko chenyewe, polepole. Nguvu ilitoka kiunoni, mkono ulikuwa njia tu. Mimi nilisomea masaji kwa cheti, nikajifunza magumba, nikamsahau bibi yangu. Ilinigharimu miezi miwili bila ya kazi.

Kakitazame na kitanda. Simama kando yake, mikono ining'inie, fumba ngumi: godoro liguse vifundo vya ngumi. Kikiwa juu zaidi, mabega yanapanda, huwezi kuegemea, na mzigo wote unaangukia gumba. Nadhani chako kiko juu, maana hoteli nyingi mafundi wanakiweka kitanda siku ya kwanza na hakiguswi tena. Omba kishushwe.

Watu saba ni wengi. Mwombe msimamizi asikupangie masaji ya nguvu mfululizo; akuchanganyie na singo, ile ya kusugua mwili kwa manukato, na kazi ya uso, akupe robo saa baina ya mgeni na mgeni. Mwambie waziwazi kuwa mkono unauma. Usimfiche kama nilivyoficha mimi.

Mama yako ana haki ya kuogopa. Mkono ukishapoa, nenda Wete, mlaze mkekani, umkande mgongo mzima kwa kiganja na kigasha, gumba usiliguse. Kisha muulize kama umemkanda au hukumkanda.