Kabla ya tahariri, someni mkataba wa uchapaji

Kila kijana anayekuja kujifunza uhariri wa gazeti la dini huniuliza jinsi ya kuandika tahariri kali. Hilo utalijua ukishakosolewa mara kumi. Mimi huanza kwa kumsimulia habari za Frederick Lucas.

Lucas alizaliwa mwaka 1812 katika familia ya Marafiki (Quakers), dhehebu lile lile lililoweka mizizi Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Alikuwa mwanasheria London. Mwaka 1839 akawa Mkatoliki, na Jumamosi ya tarehe 16 Mei 1840 akatoa toleo la kwanza la The Tablet, gazeti la kila wiki. Wakatoliki wa Uingereza walikuwa wameruhusiwa kuingia bungeni mwaka 1829 tu, na wakubwa wao wengi waliona heri kunyamaza. Lucas hakujaliwa kunyamaza.

Wafadhili wake wa kwanza walikwama kibiashara, wachapaji wakamwokoa. Mnamo 1842 wakagombana juu ya nani mwenye kauli ya mwisho. Wachapaji wakabaki na jina, wakaweka mhariri wao. Lucas akaanza upya na The True Tablet, yaani Tablet ya kweli! Hebu fikiria msomaji wa wakati ule: Tablet mbili, kila moja ikidai ndiyo yenyewe. Mapema 1843 ile ya wachapaji ilikufa, naye akarudishiwa jina lake. Kilichomwokoa ni wasomaji waliojua kalamu yake. Wewe unayeanza leo, nani anaijua yako?

Nasi yalitukuta. Jumamosi kabla ya Matawi nilikwenda kwa mchapaji kuchukua nakala 800 za jarida letu. Zilikuwa sakafuni nyuma ya kaunta, zimefungwa kamba, bado zinanuka wino. "Lipa madeni kwanza, ndugu," akaniambia. Tulidaiwa matoleo matatu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba faili za kurasa na hata kile kichwa cha jarida vilikuwa kwenye kompyuta yake tu. Nakala tulizikomboa Jumatano, tangazo la maandamano ya matawi likiwa halina kazi tena.

Kwa hiyo andikeni wazi: jina ni la nani, faili ni za nani, orodha ya wasomaji ni ya nani, na mkichelewa kulipa nini kitafuata.

Baadaye Lucas alihamishia gazeti Dublin, Ireland, na mwaka 1852 akawa mbunge wa Meath huku bado anahariri. Hapo simfuati. Aligombana na Cullen, Askofu Mkuu wa Dublin, hadi akaenda Roma kumlalamikia kwa Papa Pius IX, akarudi mgonjwa, akafariki Oktoba 1855 akiwa na miaka 43. Gazeti likarudi London, na linatoka hadi leo.

Mkishasaini, kila mmoja abaki na nakala. Yetu ilikuwa kwenye droo ya mhasibu, naye alikuwa likizo na ufunguo wake.