Leni tatu kila upande na bado foleni, kwani tatizo nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimekulia kijijini, barabara yetu ni leni moja kwenda moja kurudi na foleni nilikuwa naisikia tu redioni. Sasa niko mjini, leni tatu kila upande afu asubuhi gari hazisogei. Jamaa yangu anasema mjini watu wamebanana, waongeze leni tu yaishe. Ni kweli?

JIBU: Jamaa yako kapatia nusu. Leni haijui kama iko mjini au shamba, ina kikomo chake kile kile. Simama pembeni ya barabara, chagua nguzo moja, gari ikiipita anza kuhesabu mpaka ifike ya nyuma yake. Dereva mwenye akili zake anaacha kama sekunde 2. Saa moja ina sekunde 3,600, gawa kwa 2, hizo ni gari 1,800, na wakifuatana kwa karibu zaidi labda wanafika 2,000 na kidogo, basi. Sasa mjini kuna taa, na taa ikikupa kijani nusu ya muda ile 1,800 inabaki 900, hata mkiweka lami ya dhahabu. Kule kwenu zikipita gari 100 kwa saa barabara inasinzia tu, ndo maana hukuwahi kuona foleni, sio kwamba ni pana.

Hapo kwenye watu kubanana ndo nabisha. Watu kukaa karibu karibu peke yake hakuleti foleni, maana anayekaa karibu anaweza kwenda sokoni kwa miguu, na basi moja likibeba watu 60 linakula nafasi ya gari mbili tatu hivi. Kinacholeta foleni ni watu kutoka saa ile ile, kuelekea upande ule ule, kila mtu na gari lake. Cheki Houston, Marekani, mji uliotawanyika kwelikweli: barabara yao ya Katy Freeway ilipomaliza kupanuliwa 2008 kuna sehemu ilifika leni 26 ukihesabu na zile za pembeni, na haikupita miaka mingi safari za asubuhi na jioni zikaanza kuwa ndefu tena. Barabara ikifunguka, aliyekuwa anatoka alfajiri kukwepa foleni anarudi saa 2 asubuhi, aliyekuwa anapanda basi anawasha gari, mwingine anaenda kujenga mbali zaidi, leni zinajaa.

SWALI: Mbona mara nyingine nakaa kwenye foleni nusu saa, nikifika mbele sioni ajali wala matengenezo?

JIBU: Hiyo inaudhi jamani. Watafiti wa Japani waliweka gari 22 kwenye duara la mita 230, hakuna taa wala makutano, wakaambiwa waendeshe mwendo mmoja tu. Mwanzoni poa, baadaye kidogo mmoja akapunguza, wa nyuma yake akakanyaga breki zaidi kidogo, wa nyuma zaidi tena, mpaka kuna waliosimama kabisa. Na ile foleni ilikuwa inarudi nyuma wakati gari zinaenda mbele. Kwa hiyo aliyekusimamisha inawezekana alishafika kwake zamani anakunywa chai.