Shehe, simu ikitupangia mchango wa kikundi inafaa?

SWALI: Asalaam aleykum shehe. Sisi ni akina mama tunaanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, tunataka tuchange tujenge vichanja vya pamoja. Kila kikao ni ugomvi, wengine wanataka wote tutoe sawa, wengine mwenye mzigo mkubwa atoe zaidi. Kijana mmoja kaleta programu ya simu, kila mtu anajaza peke yake uwezo wake na mzigo wake afu inapendekeza nani atoe ngapi. Wapo wanaosema ni dhambi kuiachia mashine mambo yetu.

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah dada yangu. Kupiga hesabu kwa simu hamna dhambi, dhambi inaweza kuja mkiifanya ndo hakimu. Qur'ani 42:38 inawasifu waumini ambao mambo yao ni kushauriana, kwa hiyo simu ipendekeze, nyie mkae mjadili, mkikubali sawa, mkikataa mrekebishe.

Mi kinachoniumiza zaidi ni pesa ya aibu. Mtume (s.a.w.) katufundisha mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, sasa mama mjane anatajiwa kiasi mbele ya kikao kizima anaitikia ndio huku moyo umekataa, akitoka hapo anaenda kukopa, hiyo ridhaa iko wapi? Ndo maana huko kujaza peke yake nakupenda sana, ila huyo kijana ajue kabeba amana, asimwonyeshe mtu ya mwenzie. Na anayepunguza uwezo wake makusudi kamtwika mwenzie, hiyo ni dhulma kabisa.

Kuhusu sawa au kuzidiana, yote yanajuzu mkiridhiana, lakini semeni kwanza hii ni hisa au kusaidiana? Watu wa kabila la Ash'ari chakula kikiwapungukia walikuwa wanakusanya walichonacho kwenye nguo moja wanagawana sawa, Mtume akasema hao ni wangu na mimi ni wao. Pale hakuna aliyedai kaleta kingi. Ikiwa ni hisa mambo ni mengine, aliyetoa zaidi ana haki zaidi, na muandike kama Qur'ani 2:282 inavyotuelekeza kwenye madeni.

Halafu msisahau ziwa likifungwa watu wasivue, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, mtu aliyesema Aprili anaweza, Juni hana kitu, na simu haijui hayo msipoiambia. Wekeni tangu mwanzo kwamba miezi hiyo mchango unasimama bila faini.

Wallahu aalam.