Rudi Shambani Wakati wa Kuvuna

Juzi usiku niliandikiwa na kijana mmoja wa Likoni: "Shikamoo dada. Naona leo uko Wundanyi, wiki jana ulikuwa Lamu. Nimemaliza chuo, nami nataka kuandika habari za kilimo nizunguke kama wewe. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, jibu likawa refu. Bora niliandike hapa, maana si wewe wa kwanza kuniuliza, na kuna jambo nimelibeba mwaka wa sita sasa sijapata kulisema waziwazi.

Safari unazoziona ni za kweli. Kaunti zote 6 za Pwani nimezifikia. Nimelala Hola, nimevuka kwa boti kwenda Lamu, nimekaa kwenye ukumbi wa mnada wa chai pale Barabara ya Nyerere nikisikiliza nyundo ikigonga, kabla mnada haujahamia kwenye kompyuta mwaka 2020. Mombasa haina shamba la chai, lakini chai ya Kenya, Uganda na Rwanda hupigwa bei hapa mjini kwetu, na vijana wanaoipakia Shimanzi walinieleza mambo ambayo sikuyapata kwa bosi yeyote. Najivunia kazi hii. Nimeijenga mwenyewe.

Ila safari iliyonifunza kazi haikuwa ya nauli yangu.

Kampuni moja ya mbegu ilitualika waandishi twende Trans Nzoia. Tiketi ya treni wao, gari kutoka Nairobi wao, hoteli wao. Asubuhi tukapelekwa shamba la mfano nje ya Kitale. Mahindi yalikuwa marefu hata nikinyoosha mkono sifiki juu, kila bua limebeba mawili. Nilipiga picha mpaka simu ikaisha chaji. Jioni tukapewa bahasha, "ya nauli", nami nikaipokea. Nilirudi nyumbani nikaandika makala ya kuisifu mbegu ile tangu mwanzo hadi mwisho. Swali moja tu sikuuliza: hapa tuliposimama ni kimo gani?

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mbegu ile ilikuwa ya nyanda za juu, ya muda mrefu, ambayo huko kwao hukaa shambani miezi 6 hadi 8. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya baridi. Huku kwetu mvua ya mwaka, yaani masika, ikishaanza kupungua Juni, mkulima anataka mahindi yaliyokwisha kubeba. Ndiyo maana kuna mbegu za Pwani kama PH4, ambayo hukomaa kwa miezi 3 hadi 4. Hayo yote ningeambiwa kwa simu moja tu kwa afisa wa kilimo, au kwa kwenda kituo cha utafiti Mtwapa, nusu saa kutoka kwangu. Sikupiga simu. Sikwenda.

Mama mdogo wangu wa Kaloleni alisomewa makala ile na mwanawe. Akauza mbuzi wawili, akanunua pakiti 5 za kilo 2, za kutosha ekari nzima. Hakunipigia kuniuliza, kwa nini aniulize na mimi ndiye niliyeandika?

Nilikwenda kumwona mwezi wa saba kwa ajili ya msiba wa jirani, si kwa ajili ya mahindi. Akanishika mkono akanipeleka shambani bila neno. Mabua yalikuwa marefu kweli, kama kwenye picha zangu, lakini majani yalikuwa yamejikunja kama ukili na mbelewele zimekauka. Nikamenya hindi moja. Punje 11, nilizihesabu. Akaniambia, "Mwanangu, si ndiyo haya uliyoyaandika?" Hakuwa na hasira. Laiti angenifokea.

Kampuni ile niliiandikia mara mbili kutaka kujua kwa nini mbegu ya bara iliuzwa madukani Pwani bila mkulima kuelezwa. Mpaka leo sijajibiwa. Inaniuma bado, na sitasema nimeshasahau.

Basi ushauri wangu ndio huu: rudi. Siku ya uzinduzi kila shamba ni zuri. Hata kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani, vile vipando unavyopigia picha vinamwagiliwa na kutunzwa kwa ajili ya wiki ile. Mwandishi wa kweli hurudi wakati wa kuvuna, kwa nauli yake, bila kualikwa, akamuuliza mwenye shamba amepata magunia mangapi na ametumia shilingi ngapi. Kama huna nauli ya kurudi, usiandike kwanza. Subiri. Andika ya soko la Kongowea, ni shilingi chache kwa matatu. Fika saa kumi alfajiri malori yakishusha, uone nani anapanga bei ya nyanya na nani anapangiwa.

Na jifunze kushika vitu kwa mkono. Mimi sasa hutembea na chupa ya kioo na chumvi kavu. Mkulima akiniambia mahindi yake yamekauka, natia konzi mbili tatu na chumvi kidogo, natikisa, naiacha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, yale bado ni mabichi, na akiyaweka ghalani yatashika kuvu, halafu sumukuvu. Nimewahi kumzuia mzee mmoja Rabai asifunge magunia 12. Watu wanasahau makala, lakini mzee yule hunipigia kila msimu.

Bahasha zipo mpaka leo, nawe utapewa. Usizipokee, mdogo wangu. Atakayesoma ni mama mdogo wa mtu.

Wangu hupanda PH4 sasa, na anavuna mwezi ujao. Jumamosi ya kwanza nitapanda matatu ya Kaloleni kupitia Mazeras, saa kumi na mbili asubuhi. Ukitaka kuanza, njoo. Vaa viatu vya kufunga, na nauli ujilipie.