Maswali na majibu: rufaa za kijijini na hizo grafu zenu

Swali: Niko na data ya miezi sita ya rufaa, yaani wagonjwa ambao CHP wetu (wahudumu wa afya wa kijijini) waliwatuma kituo cha afya. Pai chati niweke rangi gani ndio ivutie?
Jibu: Usichore pai. Bar, rangi moja, ndefu juu fupi chini.

Swali: Kitengo chetu cha afya ya jamii kimetoa rufaa nyingi kuliko vyote kaunti ndogo, si tunafanya vizuri?
Jibu: Hili mnaniuliza kila mara jamani. Kutoa rufaa ni kuandika karatasi, mgonjwa kufika ni kitu kingine. Shika MOH 100, ile fomu ya rufaa, uiangalie vizuri, sehemu A anajaza CHP, B inajazwa kule mgonjwa alikopokelewa halafu inafaa irudi kijijini, na wengi wenu mnahesabu A peke yake mnashangilia. Wekea kila kijiji bar mbili, waliotumwa na waliofika. Tuseme kijiji kimoja kimetuma wajawazito 20 wakafika 6, usikimbilie kusema kina mama ni wakaidi, uliza boda ni pesa ngapi, uliza kama mto ulikuwa umejaa, uliza kama siku hiyo dawa zilikuwepo. Na wengine walifika ila nesi hakujaza B juu foleni ilikuwa mpaka getini, sasa grafu yako inamwita mtoro mtu aliyetibiwa, kwa hivyo linganisha kwanza na rejista ya kituo. Halafu kabla ya kujipima na jirani gawanya kwa kaya. CHP mmoja ana kama kaya 100, kitengo cha CHP kumi utakilinganishaje na cha wanne?

Swali: DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa data za afya, imekataa paswadi yangu.
Jibu: Muone afisa wa rekodi.

Swali: Simu za kazi zimeharibika na bando hakuna, data tutaionyeshaje?
Jibu: Ule ubao wa MOH 516, wa kuandikia takwimu za kitengo, mmeuficha nyuma ya kabati gani? Chaki tu, ongeza safu mbili, waliotumwa na waliofika, uuweke mbele ya watu siku ya mazungumzo ya jamii. Mimi naona unashinda dashibodi ya kompyuta inayofunguliwa na watu wa ofisi ya kaunti peke yao.

Swali: Nimechora ramani ya wagonjwa wa TB tuliowapa rufaa, kila nyumba na doti yake. Naweza kuituma kwa grupu ya WhatsApp?
Jibu: Hapana! Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na hata bila jina, doti moja karibu na shule kijiji kizima kinajua ni kwa nani. Weka jumla ya eneo, na namba ikiwa ndogo unganisha vijiji. Kama ushaituma nenda ukaifute saa hii, na umwambie msimamizi wako.