Pawa saplai ya Pentium ya zamani: ijaribu mezani kwanza

Ndugu, umesema kompyuta ya Pentium ya marehemu baba yako imezimika tangu umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, feni haizunguki, na fundi amekwambia utafute pawa saplai yoyote (kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) uichomeke. Tafadhali usifanye hivyo bado. Pawa saplai inapatikana. Bodi, ile sahani kuu ya saketi, ya umri huo ikiungua, kuipata nyingine ni kazi.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha kupiga chapa pale Ngara, Nairobi, na mashine yake ilikufa vivyo hivyo. Nilikwenda barabara ya Luthuli nikapata pawa saplai ya mtumba, safi kwa macho. Nyuma ilikuwa na kiswichi chekundu, nami sikukitazama. Kilikuwa kwenye volti 115 badala ya 230. Nilipoiwasha ililia paa! na chumba kikajaa moshi. Ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili, kwa kuwa imetengenezewa umeme kama wa Marekani. Ukiilisha 240 yetu, kapasita mbili kubwa, yaani vihifadhi vya umeme, zilizoundwa kwa volti 200 kila moja hubebeshwa zaidi ya 300. Kilichookoa bodi ya mama ni kwamba nilikuwa naijaribu mezani, nimeifungia diski kuu mbovu tu ili ipate mzigo.

Kwa hiyo kiswichi kiwe 230, halafu fungua kasha la kompyuta utazame plagi inayoingia kwenye bodi. Plagi moja pana ya pini 20 ni ATX, mfumo ulioletwa na Intel mwaka 1995. Plagi mbili za pini sita sita, P8 na P9, ni AT, mfumo wa kabla ya ATX. Hizo mbili zinaweza kuingia hata zikibadilishana nafasi, na ukikosea umeunguza bodi. Waya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati, nyeusi kwa nyeusi. Tena kwenye AT, waya nne nene zinazokwenda kwenye swichi ya mbele zinabeba umeme wa ukutani wenyewe. Chora jinsi zilivyokaa kabla ya kuzichomoa.

Kama ni Dell ya mwishoni mwa miaka ya 1990, usiamini umbo la plagi: nyingi zina plagi inayofanana kabisa na ATX lakini waya zimepangwa kivingine.

Soma pia kibandiko cha pawa saplai. Mashine hizi hula zaidi kwenye volti 5, ilhali pawa saplai za siku hizi zimeweka nguvu yake kwenye 12. Ile iliyokuja kumfaa mama ilikuwa ya wati 200, ampea 20 kwenye volti 5.

Ikiwa mezani na mzigo wake, pima kwa multimita: waya nyekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25, ya njano kati ya 11.4 na 12.6. ATX haitawaka mpaka uunganishe waya ya kijani na nyeusi kwenye plagi yake.

Ile iliyokufa usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake zinaweza kuwa zimeshika volti 300 na ushei.

Sasa niambie, plagi kwenye bodi ya mzee ni moja au mbili?